Je, Wajua? Tangawizi na Mama Mjamzito

Mimba ikiwa changa, jiko hugeuka adui. Wifi yangu alikuwa akinusa kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu, anaziba pua kwa ncha ya khanga na kukimbilia uani. Siku moja mama alitwaa kipande cha tangawizi, akakikwangua ganda kwa kijiko, akakikata vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, akavimiminia maji ya moto na kufunika kikombe kwa kisahani. "Kunywa kidogokidogo, mwanangu. Usigugumie." Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: mama alijua nini, na vipimo vya hospitali vinasemaje juu ya kikombe kile? Majibu niliyoyapata ndiyo haya.

MMEA WENYEWE

1. Tangawizi si mzizi. Tunachokwangua ni shina linalotambaa chini ya udongo, nalo huitwa tunguu. Litazame vizuri uone vifundo na macho: kila jicho ni chipukizi linalosubiri mvua. Mkulima wa tangawizi hapandi mbegu. Huvunja tunguu lenye jicho na kulifukia.

2. Manjano na iliki ni ndugu zake wa ukoo mmoja. Ukipika pilau na ukachemsha chai ya viungo siku hiyohiyo, umeshaikusanya familia nzima jikoni.

3. Jina lake la kisayansi ni Zingiber officinale. Neno hilo la pili linatokana na chumba cha kuhifadhia dawa katika nyumba za watawa wa Ulaya. Yaani hata walioipa jina hawakuihesabu kuwa kiungo cha mboga tu.

4. Hakuna anayejua msitu ambako tangawizi inaota yenyewe. Asili yake ni kusini mashariki mwa Asia, na tangu kale imesafiri ndani ya majahazi ikiwa mikononi mwa watu. Katika Qur'ani, Sura ya 76, tangawizi imetajwa kuwa mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa Peponi.

5. Jina la tangawizi limevuka mipaka pamoja na mmea wenyewe. Kinshasa, kwa Kilingala, utauziwa tangawisi; Kampala ni ntangawuzi; Kigali na Bujumbura ni tangawizi kama kwetu. Tanzania, wilaya ya Same katika milima ya Upare inajulikana sana kwa zao hili.

KICHEFUCHEFU CHENYEWE

6. Kati ya wajawazito 10, saba au wanane hupata kichefuchefu. Kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6, hushika kasi karibu na wiki ya 9, na kwa wengi huwa kimekwisha kati ya wiki ya 16 na ya 20. Wanakiita cha asubuhi, lakini hakina saa: huja mchana, jioni, hata usiku wa manane.

7. Mjamzito anayetapika hadeki. Desemba 2023, watafiti, miongoni mwao Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Uingereza, walichapisha ushahidi mzito kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15. Mtoto na kondo lake huimwaga kwenye damu ya mama, nayo huenda kugonga sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika. Mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na homoni hiyo kidogo kabla ya mimba ndiye huumia zaidi, kwa kuwa mwili haujaizoea. Wenye thalasemia, ugonjwa wa damu unaowafanya waishi na homoni hiyo kwa wingi, huteseka kidogo sana. Mama mkwe akisema binti anajidekeza, asomewe kipengele hiki.

8. Wachache, kati ya watatu katika kila 1,000 na watatu katika kila 100, hutapika kupita kiasi hadi kukonda na kuishiwa maji mwilini. Hapo tangawizi peke yake haitoshi. Huyo anahitaji hospitali, dripu na dawa.

ILIVYOPIMWA

9. Tangawizi ilipimwa baharini kabla ya kuletwa kliniki ya wajawazito. Mwaka 1988 huko Denmark, wanamaji wanafunzi 80 waligawanywa makundi mawili wakiwa bahari kuu yenye mawimbi. Kundi moja lilipewa gramu moja ya unga wa tangawizi, jingine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao.

10. Miaka michache baadaye, Denmark hiyohiyo, zamu ikawa ya wajawazito 30 waliokuwa wakitapika sana hadi kulazwa. Kila mmoja alipewa kwa siku nne vidonge vya tangawizi, miligramu 250 mara nne kwa siku, na siku nne nyingine vidonge vitupu, bila kuambiwa kipi ni kipi. Kati ya 27 waliofika mwisho, 19 walisema walipata nafuu zaidi siku za tangawizi.

11. Thailand nao walipima. Mwaka 2001 walichapisha matokeo ya wajawazito 70, kwa kipimo kilekile cha gramu moja kwa siku, na kichefuchefu kilipungua waziwazi kwa waliotumia tangawizi.

12. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha majaribio 12 yenye wanawake 1,278. Jibu lao lafaa kukumbukwa lilivyo: tangawizi ilipunguza kile kichefuchefu, lakini idadi ya kutapika haikushuka kiasi cha kutiliwa uhakika. Kwa hiyo usivunjike moyo ukinywa na bado ukatapika. Nafuu yake iko kwenye ule mchafuko wa tumbo unaokukalisha kitako siku nzima.

13. Na mtoto je? Norway ilifuatilia wajawazito 68,522. Kati yao, 1,020 walikuwa wametumia tangawizi. Watoto wao hawakuonekana kuzaliwa na kasoro zaidi ya watoto wa wengine, wala hawakuonekana kuzaliwa wakiwa wamekufa au kabla ya wakati zaidi ya wengine.

14. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, limeitaja tangawizi kwa jina, pamoja na chamomile, vitamini B6 na tiba ya sindano za Kichina, kuwa njia za kutuliza kichefuchefu cha mimba changa kwa kadiri mama anavyopenda na kinachopatikana. Kikombe cha mama yangu kimo kwenye kitabu cha WHO.

15. Hata hivyo, si nchi zote zimeridhika. Mamlaka ya chakula ya Ufini huwashauri wajawazito waepuke chai na vidonge vya tangawizi, ingawa kuitia kwenye chakula kama kiungo hawaikatazi. Ndiyo sababu neno kubwa katika safu hii ni moja: kipimo.

KIKOMBE SALAMA

16. Gramu moja ya unga mkavu kwa siku nzima ndiyo iliyotumika katika majaribio mengi. Jikoni hiyo ni kama nusu kijiko cha chai cha unga, au karibu kijiko kimoja cha chai cha tangawizi mbichi iliyotwangwa. Igawe mara tatu au nne. Kunywa yote kwa mkupuo mmoja ni kuliwashia tumbo moto.

17. Tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi, na si kwa sababu ya maji kukauka tu. Ukali wa mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu yake hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Mwenye kuzoea mbichi asihamie unga kwa kijiko kilekile.

18. Ndani ya tumbo, tangawizi hufanya kazi kwa njia mbili. Hulisaidia tumbo kusukuma chakula mbele badala ya kukikalisha, na huziba baadhi ya milango ambayo kemikali ya serotonini hupitia kupeleka ujumbe wa kutapika. Dawa za hospitali wanazopewa wagonjwa wa saratani wasitapike hugonga milango hiyohiyo, kwa nguvu kubwa zaidi.

19. Kisahani juu ya kikombe kina kazi. Harufu ya tangawizi ni mafuta yanayoruka na mvuke. Funika dakika tano hadi kumi, chuja, acha ipoe. Wengi wenye kichefuchefu huvumilia kinywaji cha vuguvugu au baridi kuliko cha moto. Kipande cha mkate mkavu au biskuti kabla ya kuinuka kitandani husaidia, kwa sababu tumbo tupu huzidisha mchafuko.

20. Tangawizi ikizidi huleta kiungulia, na mimba peke yake inacho cha kutosha. Kifua kikianza kuwaka, punguza au acha.

21. Chai ya tangawizi yenye majani ya chai huzuia dawa ya kuongeza damu isifanye kazi yake. Majani ya chai yana tanini, inayoyakamata madini ya chuma tumboni. Mjamzito anatakiwa apate kila siku chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400. Ukimeza kidonge kile kwa chai ya rangi, umekimeza nusu bure. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili.

22. Soda yenye picha ya tangawizi si lazima iwe na tangawizi ya kutosha. Soma maandishi ya chupa. Mara nyingi kinachopatikana kwa wingi ni sukari.

23. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mwenye mawe kwenye nyongo, anayetokwa damu ukeni, au aliyekaribia kujifungua au kufanyiwa upasuaji, asitumie tangawizi kama dawa kabla ya kuongea na daktari. Ile ya kwenye mchuzi haina neno.

SI KILA JANI NI TANGAWIZI

24. Kosa tunalolifanya ni hili: tangawizi ikishatusaidia, tunadhani kila cha shambani ni salama. Mwarobaini, unaosifiwa kutibu maradhi arobaini, si wa mjamzito. Katika majaribio ya wanyama, mafuta ya mbegu zake yamezuia mimba na hata kuiharibu.

25. Utomvu wa njano wa shubiri, ule mchungu ulio chini ya ngozi ya jani, ni dawa kali ya kuharisha. Matumbo yakivurugika, mfuko wa uzazi nao unaweza kuanza kubana. Kuupaka mguuni ni jambo moja, kuunywa ni jingine kabisa.

26. Mafuta ya nyonyo huamsha uchungu, na sasa inajulikana kwa nini. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwa panya kwamba asidi iliyo ndani yake hugonga kipokezi kimoja kilichoko kwenye utumbo na pia kwenye mfuko wa uzazi. Ndiyo maana anayeyanywa huharisha na kubanwa kwa pamoja. Si ya kunywa nyumbani.

27. Mlonge una sura mbili. Majani yake ni mboga yenye protini, madini na vitamini, na anayeyala kama mchicha anakula chakula. Mizizi na magome ni habari nyingine: yana sumu, na kwa muda mrefu yametumika kutoa mimba. Mti mmoja, sehemu mbili, hukumu mbili. Ukinunua unga wa mlonge, uliza umetoka sehemu gani ya mti, na asiyejua usinunue kwake.

28. Kutoka kwenye pakanga ilipatikana dawa iliyookoa mamilioni ya watu. Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuchopoa artemisinini kutoka mmea huo, na dawa mseto ya malaria inatokana nayo. Lakini WHO haikubali chai ya pakanga itumike kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa hubadilika kikombe hadi kikombe. Kidonge kimepimwa: tangu Novemba 2022, WHO imependekeza dawa mseto ya artemetha na lumefantrini hata kwa mimba ya miezi mitatu ya kwanza.

29. Na kinga ya malaria kwa mjamzito haiko sufuriani. Ni chandarua chenye dawa na vidonge vya SP, vinavyoanza kutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, angalau mara tatu, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Muuguzi ataangalia kama vinakufaa, hasa kama kuna dawa nyingine unazotumia.

BIBI ZETU HAWAKUKOSEA, ILA HAWAKUWA NA MIZANI

30. Dawa ya asili ya kuongeza uchungu inaweza kufanya kazi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Miaka ya 1960, daktari Lorents Gran wa Norway alikuwa Kongo akifanya kazi na Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake wakinywa maji ya mmea uliochemshwa, wenyewe wanauita kalata-kalata, ili wajifungue haraka. Mikazo iliyofuata ilikuwa ya nguvu sana. Akaubeba mmea hadi kwao kuuchunguza, akakuta ndani yake protini ndogo, nayo ikapewa jina kwa heshima ya mmea: kalata B1.

Kilichowashangaza wanasayansi ni kwamba protini nyingi huharibika zikichemshwa, hii haikuharibika. Mwaka 1995 sababu ikaonekana. Ni mnyororo wa viungo 29 uliounganishwa ncha kwa ncha kama shanga za kiunoni, hauna mwanzo wala mwisho, na katikati umejifunga fundo. Moto hauna pa kuanzia kuufungua. Leo protini za aina hiyo ni tawi zima la utafiti wa dawa, na chimbuko lake ni sufuria la wakunga wa Kongo.

31. Sasa fikiria sufuria lile halina alama ya kipimo. Mfuko wa uzazi unatakiwa ubane, upumzike, ubane tena. Katika ule upumziko ndimo mtoto anapata hewa. Dawa ikizidi, upumziko hupotea: mtoto hukosa hewa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Hospitali nao wana dawa ya kuongeza uchungu, lakini huidondosha tone kwa tone huku mtu akihesabu mikazo na kusikiliza moyo wa mtoto.

32. Wazungu nao walipitia njia hiyohiyo. Kuna kuvu anayeota kwenye nafaka iitwayo rai, na wakunga wa Ulaya walimtumia kuharakisha uzazi. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa New York aliandika kumsifu. Watoto wakawa wanazaliwa wamekufa, hadi mwaka 1824 David Hosack, naye wa New York, akaonya atumike baada ya mtoto kutoka tu, kuzuia damu. Mwaka 1935 dawa yenyewe ilichopolewa ikaitwa ergometrini. Dawa ileile iliyoua ikapata wakati wake na kipimo chake, ikawa mwokozi wa mama anayevuja damu.

33. Usidhani kiwandani hakuna makosa. Kati ya mwaka 1957 na 1961 kidonge cha thalidomide kiliuzwa kama dawa ya usingizi na kichefuchefu cha mimba. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na mikono na miguu iliyodumaa, au bila viungo hivyo kabisa. Marekani iliponea kwa sababu mkaguzi mmoja, Frances Oldham Kelsey, alikataa kuipitisha hadi aone vipimo vya kutosha. Hatari haiulizi kama dawa imetoka porini au kiwandani. Inauliza kama imepimwa.

34. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo baraza la kusajili waganga wa tiba asili na dawa zao. Muhimbili kuna taasisi nzima inayochunguza mitishamba. Mganga asiyeogopa kuulizwa usajili wake ndiye wa kuzungumza naye.

KADI YA KLINIKI

35. WHO inataka mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Huo ndio wakati kichefuchefu kinapamba moto, na ndio wakati wa kutaja kila unachokunywa nyumbani.

36. Usiseme "ni mimba tu" ukitapika na kuwa na homa. Kwetu huku inaweza kuwa malaria, au maambukizi ya njia ya mkojo. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

37. Nenda hospitali bila kuchelewa ukishindwa kubakiza hata maji tumboni siku nzima, mkojo ukiwa kidogo na wa rangi iliyokolea, ukisikia kizunguzungu ukisimama, ukitapika damu, ukitokwa damu ukeni, au tumbo likiuma sana. Kichefuchefu kinachoanza upya mimba ikiwa kubwa, pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, ni dalili ya presha ya mimba. Hiyo haina kikombe cha kuitibu.

38. Wengi huficha mitishamba kwa sababu waliwahi kukaripiwa. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki moja karibu na binti aliyekuwa na chupa ndogo ndani ya mkoba, maji ya rangi ya kahawia. Alipoulizwa anatumia dawa gani nyingine, akajibu "Hakuna," akauvuta mkoba mapajani. Simlaumu. Aliyetangulia alikuwa ametoka ndani akifuta machozi. Wauguzi wetu, dada zetu, pokeeni jibu kwa upole, maana ukweli wa ile chupa unawafaa ninyi kuliko mtu mwingine yeyote.

39. Na wewe bibi, mama mkwe, shangazi: tangawizi yako imepita mtihani. Iliingizwa kwenye mizani Denmark, Thailand na Norway, ikarudi na cheti. Basi yale majani mengine unayoyafunga kwenye kitambaa, yasimamishe kwanza mpaka nayo yapimwe. Kumpenda mjukuu aliye tumboni ni pamoja na kumwacha asinywe.

40. Wifi yangu, siku ya kliniki, alimwambia mkunga yote: tangawizi kiasi gani, mara ngapi, tangu lini. Mkunga akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi, akamwonyesha kwa kijiko cha dawa kiasi cha kutozidisha. Aliporudi nyumbani mama alikisoma kile kilichoandikwa, akaingia jikoni, akatoka na kijiko cha chai na kukiweka ndani ya kopo la tangawizi. Kikabaki humo hadi mtoto alipozaliwa.